Sponji za Nyonga za Mwanjelwa na Mkono wa Fundi: Kipi Kinastahili Fedha Yako

Maduka ya nguo za ndani yaliyo kando ya Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya siku hizi hutundika mlangoni taiti fupi zenye sponji pembeni, na wauzaji huzinadi kwamba zinaondoa ule mbonyeo unaoonekana kati ya kiuno na paja. Nimezivaa za aina mbili, kazini na kwenye sherehe, katika baridi ya Uyole na katika joto la Kyela, na vilevile nimeshonewa nguo na fundi wa Kabwe anayesema kwamba anaweza kupata umbo hilohilo bila sponji yoyote. Tathmini hii inahusu bidhaa hizo na kazi ya fundi huyo, lakini haiwezekani kuzipima kwa haki kabla ya kueleza mbonyeo wenyewe unatokana na nini, kwa kuwa sehemu kubwa ya ahadi zinazotolewa dukani huporomoka mara tu mnunuzi anapolijua hilo.

Mbonyeo wa nyonga unatokana na mpangilio wa mifupa. Juu kuna ukingo wa mfupa wa nyonga, ule unaoushika unaposimama mikono kiunoni. Chini yake, upande wa nje, kuna kifundo kikubwa cha mfupa wa paja, ambacho mtu hukihisi akilala kwa ubavu sakafuni. Kati ya sehemu hizo mbili hakuna mfupa unaotokeza nje. Kuna misuli ya makalio ya kati na midogo, kano zake, na tabaka la mafuta chini ya ngozi, na basi. Mwanamke ambaye umbali kati ya ukingo ule na kifundo kile ni mrefu, au ambaye mafuta yake hukaa zaidi juu na chini ya hapo kuliko katikati, ataonekana amebonyea kuliko mwenzake, hata kama wamezaliwa tumbo moja na kulelewa kwa chakula kilekile. Wanariadha wembamba wanao, wanawake wanene wanao, na wanaume pia wanao ingawa suruali zao huuficha. Hauna maana yoyote kiafya, na hakuna daktari anayehitaji kuutibu.

Kwa hiyo bidhaa ya haki katika jambo hili ni ile inayosema kwamba inafunika. Sponji inasema hivyo, angalau inapokuwa imeachwa ijisemee yenyewe.

Taiti ya kwanza, niliyoinunua kwa shilingi 18,000, ina sponji iliyoshonewa moja kwa moja ndani ya kitambaa cha kuvutika. Kwa mbali inafanya kazi yake: sketi ya kitambaa kizito ilikaa vizuri kutoka kiunoni hadi pajani, na hakuna aliyegundua chochote ofisini kwa walimu, mahali ambapo mambo madogo kuliko hayo huonekana kabla ya kengele ya kwanza. Tatizo lake ni ukingo. Sponji imekatwa wima, kama mkate uliokatwa kwa kisu, badala ya kupunguzwa unene taratibu kuelekea pembeni. Ukivaa satini au kitambaa chepesi cha kumwagika, mstari wa sponji hujichora juu ya nguo, hasa unapogeuka kwenye mwanga wa dirisha. Kwa kitenge kilichotiwa bitana mstari huo hauonekani. Kwa gauni la harusi, ambalo ndilo wengi wanalolinunulia taiti hii, huonekana hadi kwenye picha.

Kasoro ya pili ni mahali sponji ilipowekwa. Kiwanda hutengeneza kwa kipimo kimoja cha urefu wa kiwiliwili, na wauzaji huuliza tu ukubwa wa kiuno. Mimi ni mrefu kidogo, na sponji ilikaa juu ya ukingo wa mfupa badala ya kukaa ndani ya mbonyeo, ikazidisha kile kilichokwishatokeza na kuliacha bonde likiwa bonde. Niliposogeza taiti chini ilikaa mahali pake, lakini nilipopanda bajaji na kuketi ilirudi juu, na nilipoteremka Mafiati ilibidi nisimame kwanza pembeni ya kibanda cha vocha nijiweke sawa. Mnunuzi ajipime kabla ya kwenda: ashike ukingo wa mfupa, ashike kifundo cha paja, kisha apime nafasi iliyopo kati yake, na dukani apime hivyohivyo kutoka mkanda wa juu wa taiti hadi katikati ya sponji. Muuzaji anaweza kukuangalia kwa mshangao, lakini fedha ni yako.

Taiti ya pili ni bora zaidi, na bei yake ya shilingi 30,000 ninaiona kuwa ya haki. Ina mifuko midogo ndani ambamo sponji huingizwa na kutolewa, na sponji zake zimepunguzwa unene ukingoni hadi kuwa nyembamba kabisa, kiasi kwamba mkono ukipita juu ya nguo hauhisi pa kuanzia. Mfuko una nafasi ya kutosha kuisogeza sponji chini au juu kidogo, jambo linalomwokoa mtu mrefu. Faida yake kubwa, hata hivyo, niliiona kwenye kamba ya kuanikia. Katika miezi ya mvua, nguo nzito hapa Mbeya haikauki kwa siku moja, na wenzetu wa Tukuyu wanajua kwamba kule hata kitambaa cha kawaida hubembelezwa. Sponji iliyoshonewa ndani hubaki na unyevu katikati hata juu ikiwa imekauka, kisha huanza kunuka. Sponji ya kutolewa hukamuliwa kwa viganja, ikawekwa dirishani, na taiti yenyewe ikafuliwa kila siku kama nguo yoyote ya ndani. Kwa sababu hii peke yake nisingemshauri mtu yeyote wa nyanda za juu kununua ile ya kushonewa.

Hali ya hewa ina neno jingine katika tathmini hii. Mwezi Juni na Julai, taiti hizi ni raha Uyole, kwa kuwa zinashika joto kiunoni asubuhi. Niliivaa ile ya pili Kyela, kwenye sherehe ya ndoa, na kabla ya keki kukatwa sponji ilikuwa imelowa jasho na ngozi inawasha. Anayekwenda kwenye joto aivae kwa saa chache tu. Pia asikubali saizi ndogo kwa kuambiwa kwamba ikibana ndiyo inatengeneza umbo, kwani kuna mshipa wa fahamu unaopita mbele ya mfupa wa nyonga kuelekea upande wa nje wa paja, na nguo inayobana sana huweza kuukandamiza, mtu akahisi ganzi au kuungua pajani. Ukihisi hivyo, vua. Kuchukua saizi inayofuata ni nafuu kuliko kuzunguka zahanati. Na iwe mpya ndani ya pakiti yake, maana nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa sababu za kiafya, hata kama bado unaziona zimetandazwa chini.

Rangi ni malalamiko madogo lakini ya haki. Kile kinachoitwa rangi ya mwili dukani ni rangi ya mwili wa mtu mwingine kabisa. Chukua nyeusi, au omba ya kahawia wakuletee.

Zipo pia sponji za silikoni, nzito na laini, zinazotikisika kama nyama. Niliziingiza kwenye mifuko ya taiti ile ya pili. Hazina ukingo unaoonekana na hazilowi jasho, lakini uzito wake huivuta taiti chini, na asubuhi ya baridi zikigusa ngozi utatamani kurudi kitandani. Kwa bei ya zaidi ya mara mbili, sioni sababu.

Katika duka moja, ambalo sitalitaja, baada ya kulipa nilionyeshwa kopo la mafuta ya kupaka na pakiti ya vidonge visivyokuwa na karatasi ya maelezo, nikaambiwa, “Dada yangu, hii sponji ni ya kuanzia tu, ukitumia hivi mwezi mmoja hipsi zinajaa zenyewe.” Hapa ndipo huduma ya duka hilo ilipopoteza alama zote kwangu. Mafuta ya kupaka hulainisha ngozi. Hayana njia ya kuyapeleka mafuta ya mwili sehemu moja na kuyaacha hapo. Vidonge ni habari nzito zaidi, kwa sababu baadhi ya vinavyouzwa kwa jina la kuongeza shepu huwa na siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huongeza hamu ya kula na kuleta usingizi, au deksamethasoni, ambayo ni dawa ya steroidi ya kutumiwa kwa maelekezo ya daktari. Ya kwanza itakunenepesha, lakini mwili ndio utakaoamua unene uende wapi. Ya pili, ikitumika kwa muda mrefu, huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, na mafuta inayoyaleta hukaa usoni, shingoni na tumboni, yaani kila mahali isipokuwa pale ulipopalipia. Na kuiacha ghafla baada ya matumizi marefu ni hatari. Dawa isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, inayouzwa katikati ya sidiria na soksi, haipaswi kununuliwa kwa bei yoyote.

Sasa nije kwa fundi, ambaye kwa maoni yangu ndiye huduma bora kuliko zote nilizozijaribu. Ana chumba kimoja Kabwe, cherehani mbili, na kitabu cha vipimo ambacho kurasa zake zimeliwa na panya pembeni. Nilipomweleza ninachotaka hakucheka wala hakunipa pole. Alinipima kiuno, akapima ukingo wa nyonga, akapima sehemu iliyobonyea, kisha akapima sehemu pana ya paja, akiandika kila kipimo peke yake. Mafundi wengi hupima kiuno na hipsi tu, na ndiyo sababu nguo zao huning'inia pale katikati na kufanya mkunjo. “Madamu,” alisema akiwa bado ameshika chaki, “mimi kazi yangu ni kitambaa. Mwili tuuache ulivyo.”

Sketi aliyonishonea haibani mbonyeo wala haiuachi mtupu. Mshono wa pembeni umenyooka kutoka ukingo wa nyonga hadi pajani badala ya kuufuata mwili, na ndani ya kitenge ameweka bitana ngumu kidogo kwenye sehemu hiyo peke yake, ili kitambaa kisidumbukie. Kwa gauni alishauri kipande cha kumwagika kinachoanzia kiunoni na kuishia juu ya paja, na akakataa katakata kunishonea sketi ya penseli, ile nyembamba inayobana mwili, ya kitambaa cha kuvutika, akisema kwamba hicho hakifichi kitu kwa mtu yeyote. Alichaji shilingi 25,000 kwa sketi na 40,000 kwa gauni, bila kitambaa. Ni zaidi ya bei ya jirani zake, lakini nguo hizo zinavaliwa Uyole na Kyela bila kutoka jasho la ziada, hazihitaji kurekebishwa baada ya bajaji, na zinafuliwa kama nguo nyingine.

Kuhusu mazoezi, niseme kwa ufupi. Kunyanyua mguu ukiwa umelala ubavu, au kutembea kwa upande ukiwa umefunga mpira wa kuvutika juu ya magoti, huimarisha misuli ya makalio ya kati, na misuli hiyo ikikua hujaza kidogo sehemu ya juu ya mbonyeo. Sehemu ya chini, karibu na kifundo cha paja, ina kano zaidi ya misuli, kwa hiyo haijai kwa mazoezi. Atakayeendelea kwa miezi kadhaa atapata nyonga imara na mwendo mzuri wa kupanda milima yetu, na hiyo ni faida inayotosha kuyafanya.

Wapo wanaouliza kuhusu sindano na upasuaji, na ingawa hiyo si huduma niliyoijaribu wala ninayokusudia kuijaribu, inafaa mtu ajue anachouliza. Njia inayofanywa na madaktari ni kufyonza mafuta tumboni au mgongoni, kuyasafisha na kuyaingiza chini ya ngozi ya nyonga; sehemu yake hufyonzwa tena na mwili katika miezi inayofuata, hivyo matokeo ya wiki ya kwanza siyo yatakayobaki. Hatari kubwa zaidi hutokea mafuta yanapoingizwa ndani ya misuli ya makalio, kwa kuwa humo kuna mishipa mikubwa ya damu inayoweza kuyabeba hadi kwenye mapafu. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake kusitisha upasuaji wa kuongeza makalio kwa mafuta kwa sababu ya vifo. Asidi ya hialuroni, jeli ya kudungwa chini ya ngozi, hujaza bila upasuaji, lakini mwili huiyeyusha taratibu na nyonga huhitaji kiasi kikubwa, kwa hiyo gharama hurudi tena na tena. Silikoni ya maji ya kudungwa isiguswe kabisa: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2017 kwamba huweza kuhama mwilini, kuziba mishipa ya damu na kuua. Atakayeamua kwenda mbele atafute daktari bingwa aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na asikubali kuchomwa sindano chumbani mwa mtu, hata kama mtu huyo ni rafiki wa dada yake.

Kwa upangaji wangu, basi, fundi anapata nafasi ya kwanza, taiti yenye sponji za kutolewa nafasi ya pili kwa zile siku ambazo nguo ulizonazo tayari zimeshonwa, na ile ya kushonewa ibaki mlangoni ilipotundikwa. Fundi huyo ana udhaifu mmoja, nao ni foleni. Kuanzia katikati ya Novemba, nguo za Krismasi na sare za harusi humzidi, na ahadi ya wiki moja huwa wiki tatu. Anayetaka gauni la Desemba apeleke kitambaa mwezi Oktoba, na asilipe fedha yote kabla ya kulijaribu.