Kufunga gesi kwenye gari: nyota moja, na hiyo ni ya fundi

Naanza na yule kijana, maana mengine yote yanaweza kusubiri.

Kituo sikitaji. Wanaojaza gesi ya magari Dar es Salaam wanavijua vituo vyote, na karibu kila kituo kina kijana wa namna yake. Huyu wa kwangu alikuwa zamu ya alfajiri, ovaroli imepigwa pasi, kifua mbele, singeli inatoka kwenye simu mfukoni kwa sauti ya kuudhi: si kubwa kiasi cha kusikia maneno, si ndogo kiasi cha kuisahau. Yeye ndiye anayeshika mpira wa gesi. Ukishika mpira wa gesi Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri, wewe ni mkuu wa wilaya.

Mimi napika vitafunio. Sambusa, maandazi, chapati, mihogo. Vinatoka kwangu Mbezi kabla jua halijatoka na vinatakiwa viwe mezani kwa watu Posta kabla chai haijamiminwa. Nikichelewa nusu saa, mtu ameshateremka kununua chapati kwa mwingine, na kesho yake hanipigii tena. Kwa hiyo nikisema nina haraka, sijitii umuhimu. Ndiyo kazi yenyewe.

Siku hiyo foleni ilikuwa ya kawaida, maana yake ndefu. Mbele yangu bajaji, nyuma yangu IST za vijana wa teksi za mtandaoni, kila mtu na usingizi wake machoni. Mpaka zamu yangu inafika adhana ya alfajiri ilikuwa imeshapita. Utaratibu ni kuzima injini, wote kushuka, buti kufunguliwa, mtungi kukaguliwa kama una stika ya ukaguzi. Hilo silipingi hata kidogo. Gesi inashindiliwa mle kwa presha ya karibu bar 200, na tairi la gari dogo lina bar mbili na kitu. Mtungi mbovu ukipasuka hapo hakuna atakayebaki kusimulia. Tatizo ni kwamba mtungi wangu umelala kwenye buti la Noah, na juu yake ndipo yanapokaa masinia. Kwa hiyo kila nikijaza natoa masinia, natoa hotipoti, natoa ndoo ya maandazi, napanga vyote chini pembeni ya pampu kama mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba.

Nimeshapanga. Nimefungua buti. Kijana akaangalia saa ya pampu, akanyanyua mkono: "Presha imeshuka, subirini."

Hilo nalo nalijua, fundi alinieleza siku ya kwanza. Kituo kina mitungi mikubwa iliyoshindiliwa gesi, na gesi inakimbilia kwenye mtungi wako kwa sababu kule presha ni kubwa kuliko kwako. Magari yakifuatana mengi, kule kunashuka, na hata ukijaziwa unaondoka na nusu. Inabidi kompresa ifanye kazi kwanza. Sawa. Nikasubiri, nimesimama juu ya sambusa zangu nafukuza nzi.

Wakati nasubiri, gari tatu zikaingia kwa upande wa kutokea. Zikachomekea. Kijana huyohuyo wa presha imeshuka akachukua mpira, akajaza ya kwanza, akajaza ya pili, akajaza ya tatu, wanacheka, wanapigana mabega. Nikamfuata kwa upole, Mungu shahidi. "Mwanangu, mbona wale wamepita na sisi tumeambiwa presha hakuna?"

Hakugeuka hata shingo. "Mama, kama una haraka weka petroli."

Foleni nzima ikacheka. Kuna dereva wa bajaji alirudia kwa sauti ili wa nyuma wasikose.

Sasa nataka nieleze kwa nini neno hilo limenikaa kooni mpaka leo, miezi imepita, wateja wangu wameshasahau kwamba siku ile walikula mihogo imepoa.

Gesi anayonionea choyo yule kijana ni ya hapa. Iligunduliwa Songo Songo, kisiwani Kilwa, mwaka 1974, kabla mimi sijazaliwa. Ya Mnazi Bay kule Mtwara, 1982. Ya Songo Songo ikakaa chini ya ardhi miaka 30, mpaka 2004 ndipo ikaanza kufika Dar kwa bomba na kuendesha mitambo ya umeme Ubungo. Ulipofika mwaka 2013, wananchi wa Mtwara waliuliza wao watabaki na nini gesi ikiondoka kwenda Dar. Nyumba zikachomwa, watu wakafa, wanajeshi wakapelekwa. Bomba likajengwa, zaidi ya kilomita 500, na Oktoba 2015 Rais Kikwete akalizindua. Yaani kuna watu walizikana kwa ajili ya mabishano ya gesi hii kuja Dar es Salaam. Imefika. Iko kwenye mpira alioushika kijana. Na ananiambia niweke petroli.

Petroli ambayo hatuna hata tone! Yote inakuja na meli, yote inalipwa kwa dola. Nilifunga gesi kwa sababu hiyo hasa. Vita vya Ukraine vilipoanza, watu wa mbali kabisa na biashara yangu ya maandazi, bei ikapanda mpaka Agosti 2022 EWURA, wale wanaotangaza bei ya mafuta kila mwezi, ikatangaza petroli Dar shilingi 3,410 kwa lita, na hiyo ni baada ya Serikali kuweka ruzuku. Mwaka uliofuata dola zikaadimika nchini, tukaanza tena. Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ya bei mpya, ikawa siku ya kufunga na kuomba. Siwezi kupandisha bei ya andazi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mteja wa andazi hajui Ukraine.

Nikatoa fedha za kikoba, nikafunga mfumo. Na hapa lazima niwe mkweli ingawa sitaki: inalipa. Wakati nafunga, kilo ya gesi ilikuwa shilingi 1,550, na kilo moja inakupeleka karibu kama lita moja na nusu ya petroli. Fanya hesabu mwenyewe. Mimi nilizifanya nyuma ya daftari la madeni, nikarudia nikidhani nimekosea. Kilichokuwa kinakwenda sheli kilinunua friza. Kikalipa ada ya muhula ya binti yangu bila mimi kumpigia simu kaka yangu. Fedha ya kikoba ilirudi mapema kuliko nilivyowaahidi wenzangu.

Kwa hiyo nikisema msifunge gesi, nitakuwa mwongo. Sisemi hivyo. Nasema mfunge, halafu muone.

Maana hakuna anayekwambia kwamba unachonunua hasa ni nafasi kwenye foleni. Hakuna anayekwambia kwamba ukijaza haraka kwenye joto, gesi inapata moto ndani ya mtungi, mshale unapanda, unaondoka umefurahi, ukifika nyumbani mtungi umepoa na mshale umeshuka. Mara ya kwanza nilidhani inavuja, nikalaza watoto upande wa pili wa nyumba. Wala hakuna anayekwambia kwamba kompresa inakula umeme, na umeme ukikatika kituo kinalala. Hili linanichekesha kwa uchungu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wetu ilizalishwa kwa gesi hiyohiyo, mpaka bwawa la Nyerere lilipoanza kuingiza umeme 2024. Gesi inakwenda Ubungo kuwa umeme, umeme unarudi kituoni kushindilia gesi, mmoja akiugua wote wamelala, na mama wa sambusa anaambiwa aweke petroli.

Sifa pekee nisiyoibania ni ya fundi. Kijana naye, lakini mama yake alimlea. Alinikalisha, akanionyesha kila kitu. "Mama, gari litawaka kwa petroli, likipata joto litahamia gesi lenyewe. Usikaushe tenki ukidhani umeokoa, pampu ya mafuta inapoozwa na petroli hiyohiyo, itaungua." Akanionya pia kwamba nguvu itapungua kidogo mlimani, na kweli, Kimara nikiwa nimejaza mzigo Noah inanung'unika. Lakini alisema kabla, hakusubiri nilalamike. Nyota yake hiyo, aichukue.

Sasa turudi kwenye neno la yule mwingine, maana bado sijamaliza nalo. Bajeti ya 2024/25 ilipopendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, nilipiga kelele kama wote. Halafu nikatulia nikasikiliza hoja yao, nikaiona ina mantiki, na ndiyo iliyoniudhi zaidi. Kila lita ya petroli imebeba kodi na tozo ya barabara ndani yake. Mimi wa gesi nakanyaga lami ileile ya Morogoro Road bila kuilipia kwa njia hiyo. Serikali inatwambia asubuhi tuhamie nishati safi, jioni inahesabu kilichopungua kwenye kapu la barabara. Kwa hiyo yule kijana, na singeli yake mfukoni, alisema kwa sauti kitu ambacho mtu wa hazina hawezi kukisema mbele ya kamera. Mimi nikiweka petroli kuna watu wengi wanapumua: mwenye meli, mwenye sheli, mwenye kapu. Nikiweka gesi anayefurahi ni mimi na binti yangu ninayemlipia ada. Simlaumu tena kijana peke yake. Au namlaumu, ila namlaumu akiwa na wenzake.

Nilikwenda kwa meneja. Nilikwenda mchana, nimevaa vizuri, bila masinia. Alinipa kiti na maji, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia zile gari tatu zina mkataba na kituo, zinalipa kwa mwezi. Nikamwuliza kwa nini basi hamjaandika hapo getini kwamba kuna foleni mbili, ya wenye mkataba na ya wenye subira? Akacheka, akasema wanaongeza pampu. Kuhusu kijana akasema anajituma sana. Sikatai. Nimemwona siku za jua kali, moshi wa bajaji usoni, dereva anamtukana mama yake kwa sababu presha imeshuka, kana kwamba yeye ndiye kompresa. Kazi ile hata mimi ningeifanya wiki moja ningejibu watu vibaya. Wiki moja, nimesema. Yeye alinijibu kabla hata sijamkosea.

Foleni zenyewe, niseme ukweli, siku hizi kuna afadhali. TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi, wana kituo mama, kile kinachoshindilia gesi na kugawia vituo vingine, pale Barabara ya Sam Nujoma, na vituo vimeongezeka kuliko tulipoanza. Lakini na magari yanaongezeka, na mabasi ya mwendokasi ya Mbagala nayo ni ya gesi, kwa hiyo sijui tunakimbizana na nani. Na ukitoka Dar kwenda Moshi mwisho wa mwaka, sahau. Ni petroli njia nzima, na mtungi umeubeba nyuma ukila nafasi ya mifuko ya mchele wa mama mkwe.

Juzi nilikuwa kituoni kwa yule kijana tena, kwa sababu ndicho kilicho njiani kwangu na kiburi hakiendeshi gari. Nimetoa masinia, nimepanga chini. Akaja, akachungulia. "Mama, leo sambusa vipi?" Kama vile hakuna kilichotokea! Nikasubiri nione kama atajaza kwanza au ataomba kwanza. Akajaza, tena mtungi ukajaa vizuri, akanisaidia na kurudisha ndoo ndani ya buti. Nikampa mbili. Za mboga. Za nyama ni za watu wanaoheshimu zamu.

Shemeji yangu ameniuliza afunge au asifunge kwenye IST yake. Jumatatu nilimwambia asithubutu. Jumatano, bei mpya zilipotoka, nikamtumia namba ya fundi. Kituo atajitafutia mwenyewe.