Kinanda Kipi Ununue: Vinanda vya Staili na Uwezo Wake Usioonekana Dukani

Mtu anayekwenda kununua kinanda cha umeme chenye staili, yaani kile ambacho mkono wa kushoto ukishika kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) basi ngoma, besi na gitaa hufuata vyenyewe, huonyeshwa kwanza idadi ya sauti iliyoandikwa kwenye boksi. Idadi hiyo haimsaidii sana. Casio CT-X700 ina sauti 600 na Yamaha PSR-E373 ina sauti 622, na hakuna kwaya itakayopungukiwa kwa kukosa hizo 22. Tofauti ya kweli imo katika uwezo uliofichwa ndani ya menyu, au unaofunguliwa kwa kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa, ambao wauzaji wengi hawaujui na wanunuzi wengi hawauulizi. Kwa hiyo vinanda vilivyo hapa vimepangwa kwa kipimo hicho, nikimfikiria mpigaji wa kwaya, wa sherehe na wa taarab, na vyote ni vya vibao 61.

Nafasi ya kwanza: Yamaha PSR-E473

Kinanda hiki kilitoka mwaka 2022, kina sauti 820 na staili 290, na kinaweza kutoa noti 64 kwa wakati mmoja. Naona kinamfaa mnunuzi wa kawaida kuliko vingine, na sababu ya kwanza iko nyuma yake: kina matundu mawili ya kutolea sauti, la kushoto na la kulia, mbali na tundu la hedifoni. Anayepeleka sauti kwenye mixa ya kanisa kupitia tundu la hedifoni hunyamazisha spika za kinanda chake mwenyewe, akabaki anategemea spika za ukumbi ili ajisikie. Mwenye E473 hana shida hiyo. Kuna pia tundu la maikrofoni na gurudumu la kupinda sauti, ambalo bila hilo solo za gitaa na za filimbi hukosa uhai.

Uwezo unaopaswa kukushawishi zaidi ni kumbukumbu za mpangilio. Kuna vitufe vinne na mafungu manane, yaani nafasi 32, na kila nafasi hubeba sauti, staili, kasi, athari za sauti na hata ufunguo uliohamishwa. Tuchukue ibada ya Jumapili. Wimbo wa kuingilia unapigwa kwa staili ya haraka na sauti ya ogani, kwa ufunguo uliopandishwa nusu toni mbili kwa sababu sauti ya kwanza ya kwaya inapenda kuimba juu. Wimbo wa sadaka unahitaji piano na nyuzi, polepole, bila kuhamisha ufunguo. Mpigaji asiyejua kumbukumbu hizi huanza kutafuta namba za sauti huku wanakwaya wakimsubiri. Aliyezihifadhi mapema hubonyeza kitufe kimoja, na kazi yote ya wiki anaweza kuinakili kwenye flashi asiipoteze.

Jambo la pili linahusu mahubiri marefu. Vinanda vya Yamaha vya daraja hili huja vikiwa vimewekwa vijizime vyenyewe visipoguswa kwa dakika 30, na wapigaji wengi hudhani chombo kimeharibika wanapokikuta kimezima mhubiri anapomaliza. Washa kinanda huku umeshikilia kibao cha chini kabisa, upande wa kushoto, na tabia hiyo itaondoka. Ujihadhari usishikilie kibao cheupe cha juu kabisa, kwa maana hicho, kikishikiliwa wakati wa kuwasha, hufuta ulichohifadhi.

Lipo na suala la pedali. Kinanda husoma aina ya pedali wakati kinapowashwa, na ukiwa umeikanyaga wakati huo, pedali itafanya kazi kinyume: sauti itadumu ukiinua mguu na kukatika ukikanyaga. Nimeona pedali nzima ikitupwa kwa sababu hiyo. Zima, ondoa mguu, kisha washa upya.

Ukiwasha usindikizaji bila kuanzisha mdundo, mkono wa kushoto hutoa besi na kodi peke yake, bila ngoma. Wapigaji wa nyimbo za kuabudu wanapaswa kuijua njia hii, kwa sababu humwezesha mtu mmoja kuanza wimbo kwa utulivu na kuingiza ngoma kwenye kiitikio. Mpaka unaotenganisha mikono miwili nao unaweza kuhamishwa. Kiwandani huwekwa kwenye F kali (F#) iliyo chini ya C ya katikati, na anayecheza kodi pana kwa mkono wa kushoto afadhali aupandishe kidogo.

Mwisho kabisa kwa E473 ni waya wa USB. Waya huo haupitishi amri za MIDI tu (maelezo ya noti zilizopigwa, bila sauti yake), bali hupitisha sauti yenyewe kwa ubora wa 44.1 kHz na biti 16. Maana yake ni kwamba anayetaka kurekodi demo ya kwaya hahitaji kununua kadi ya sauti. Waya mmoja kutoka kwenye kinanda hadi kwenye kompyuta unamtosha, na kelele za waya mbovu haziingii.

Nafasi ya pili: Casio CT-X3000, pamoja na ndugu yake CT-X5000

Vinanda hivi viwili vilitoka mwaka 2018 vikiwa na sauti 800 na midundo 235 (ndivyo Casio inavyoziita staili), na noti 64 kwa pamoja kama E473. Nimeviweka nyuma kwa sababu USB yake hupitisha MIDI bila sauti, na kwa sababu CT-X3000 inategemea tundu la hedifoni kupeleka sauti nje. CT-X5000 ina matundu yake ya kutolea sauti na spika za wati 15 kila upande, dhidi ya wati 6 za CT-X3000, ila inahitaji umeme wa ukutani. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, CT-X3000 inayokubali betri ndiyo yenye busara.

Kwa mpiga taarab, hata hivyo, nafasi hizi mbili zinabadilishana, na sababu ni moja ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa na muuzaji. Ndani ya menyu za Casio hizi kuna skeli 17 zilizotayarishwa, na miongoni mwake zimo skeli za Kiarabu za Rast, Bayati, Hijaz na Saba. Kinanda cha kawaida kimegawanya oktavu katika nusu toni 12 zinazolingana, lakini noti ya tatu ya Rast hukaa kati ya ile ndogo na ile kubwa: ukianzia C, utahitaji E iliyoshuka kwa takriban robo toni, na B iliyoshuka vivyo hivyo. Udi, fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) huifikia noti hiyo bila taabu, na kinanda kisichoweza kuifikia huwagombanisha wapigaji wote walio jukwaani. Ukishachagua skeli, usisahau kuchagua pia noti inapoanzia, kwa sababu Bayati iliyowekwa kwenye C wakati waimbaji wako kwenye D itasikika kama kosa la kinanda. Vilevile sauti ya msingi ya chombo inaweza kushushwa au kupandishwa kati ya 415.5 na 465.9 Hz, upana unaotosha kukifuata kinubi au akodioni ya zamani isiyoweza kukazwa upya.

Uwezo mwingine wa kuuliza ni usomaji wa kodi kwa vibao vyote. Anayetokea kwenye piano hapendi kushika kodi upande wa kushoto tu. Kwa mpangilio huu kinanda husoma mikono yote miwili, hata kodi zenye besi tofauti, na kusindikiza ipasavyo. Pia unaweza kuunda au kurekebisha midundo yako na kuihifadhi, jambo la maana sana kwa muziki wetu, kwa sababu midundo mingi ya kiwandani imetengenezwa kwa ajili ya muziki wa Ulaya, Marekani na Amerika ya Kusini. Anza na mdundo wenye kasi inayokaribiana na chakacha, ondoa gitaa na vinanda vya nyuma, bakiza ngoma na besi, na utapata kitu kinachokubalika kuliko ulichokuta.

Nafasi ya tatu: vinanda vikubwa vilivyokwisha kutumika

Hapa ninazungumzia Yamaha PSR-SX700 na PSR-SX900 za mwaka 2019, pamoja na Korg Pa600 na Pa700. Kwa uwezo, vinanda hivi vinazipita nafasi mbili za juu kwa mbali. Staili za SX zina vipande 15, vikiwemo vianzio vitatu, sehemu kuu nne na vimalizio vitatu, kwa hiyo wimbo wa dakika sita hauchoshi. SX900 inaweza kurekodi mfululizo wa kodi na kuurudia yenyewe, mkono wa kushoto ukabaki huru kupiga nyuzi. Korg nazo zina vichezeshi viwili vya nyimbo vinavyoweza kupishana, kiasi kwamba mpigaji wa harusi huhama kutoka wimbo mmoja hadi mwingine bila ukimya katikati, na skeli zenye robo toni hubadilishwa wimbo ukiendelea.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba staili ya Yamaha imejengwa kwa njia nane: mbili za ngoma, moja ya besi, mbili za kodi, moja ya sauti nyororo ya nyuma na mbili za mapambo. Katika SX kila njia huzimwa peke yake. Bendi yenye mpiga besi inapaswa kuzima njia ya besi kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Besi mbili zinazogongana ndiyo sababu kubwa ya muziki wa harusi kusikika mzito na usioeleweka.

Nimeviweka nafasi ya tatu kwa sababu ya hatari ya kununua kilichotumika. Havitumii betri, na skrini ya kugusa ikiharibika chombo kizima hukwama. Kabla ya kulipa, gusa kila kona ya skrini, piga kila kibao polepole kisha kwa nguvu ili usikie kama kinahisi tofauti, na uingize flashi uone kama inasomeka.

Nafasi ya nne: Yamaha PSR-E373, kisha Casio CT-X700

Vyote viwili vinamfaa anayejifunza. E373 inatangulia kwa sababu waya wake wa USB hupitisha sauti kama E473, na kwa sababu mwanafunzi akishakiambia kinanda ufunguo wa wimbo, humpa kodi zinazostahili kwa kidole kimoja. Vyote havina gurudumu la kupinda sauti. Chini zaidi iko PSR-E273, ambayo vibao vyake havihisi nguvu ya kidole na haina tundu la kuunganisha kompyuta. Mtoto wa mwaka wa kwanza atafurahi nayo, lakini kwaya isiinunue.

Ukishachagua, dai adapta halisi ndani ya boksi na usome chini ya kinanda: E373 na E473 hutumia volti 12, na CT-X3000 hutumia volti 9.5. Linganisha pia mchoro mdogo unaoonyesha chanya iko ndani au nje ya kichwa cha waya, kwa sababu kichwa kinachoingia vizuri kwenye tundu si dhamana kwamba umeme wake ni sahihi.