Kanisa changa Nairobi: ukumbi wa shule au hema?

Kwa gharama ya kuanza, shule inashinda: unalipia Jumapili tu, na viti, choo na stima vipo. Hema linataka kiwanja, jenereta na mtu wa kulala hapo, la sivyo utakuta nyaya za spika zimekwenda.

Uhakika ni suala jingine. Shule ina mitihani na mikutano ya wazazi, na soja ambaye hakupewa taarifa hafungui geti hata mchungaji awe amesimama pale na kinanda begani. Hema ni lenu wiki nzima. Mna maombi Jumatano, kwaya Ijumaa, na watu wanabaki kupiga gumzo bila kufukuzwa, furaha ambayo wengi huidharau wakipiga hesabu. Ila masika yakianza Machi, ule udongo mweusi wa Embakasi huvua watu viatu njiani. Turubai pia halizuii sauti, na kanuni za kelele za 2009 ziko upande wa jirani.

Usajili wa kanisa kwa Msajili wa Vyama (Registrar of Societies, si yule wa vyama vya siasa) hauepukiki, iwe shule au hema.

Familia chache, mchungaji mwenye ajira? Shule. Vijana wengi, shughuli za katikati ya wiki, majirani waelewa? Hema, hata la kukodi.