Tascam Portastudio 424 MKIII kwa kurekodi bluzi nyumbani: uzoefu wangu

Wapenzi wengi wa bluzi iliyorekodiwa kienyeji husifu mvumo wa kanda, kana kwamba utamu wote uko pale. Mimi naona utamu uko kwenye chumba, na kwenye watu wanaopiga kwa wakati mmoja bila kukatizwa. Mwaka 1959 Alan Lomax, mkusanyaji wa muziki wa kienyeji, alimrekodi mpiga gitaa wa bluzi Fred McDowell huko Como, Mississippi, Marekani. Katika baadhi ya rekodi hizo Fanny Davis anapuliza kitana kilichofunikwa karatasi, sambamba na gitaa la McDowell. Lomax alikuwa na mashine nzuri ya kurekodia ya Ampex ya stirio, kwa hiyo ule ukali unaosikika ni wa wapigaji wenyewe. Kigezo changu kwa 424 ni hicho hicho: je, inamwacha mtu apige?

Inamwacha, ukiielewa. Ni kinasa sauti cha kaseti chenye njia nne, yaani sehemu nne za kanda zinazorekodiwa kila moja peke yake, cha ukoo ulioanza na TEAC 144 mwaka 1979. Kaseti ya kawaida hupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Hapa chagua mwendo wa juu, 9.5. Njia zote nne hutumia upana mzima wa kanda kuelekea upande mmoja, hivyo C-60, yaani kaseti ya dakika 60, inakupa dakika 15 tu. Usikimbilie C-90 ili upate dakika zaidi, maana kanda yake ni nyembamba, hunyooka na kuliwa na mashine. Mashine imepangwa kwa kanda za Type II (za kromu). Ukiweka Type I, zile za kawaida, sauti za juu zinafifia na nyuzi nyembamba za gitaa zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Tafuta TDK SA au Maxell XLII za zamani ambazo hazijafunguliwa.

Maikrofoni iwe moja. Mashine haitoi volti 48 zinazohitajiwa na maikrofoni za kondensa, kwa hiyo tumia ya dainamiki. Shure SM57 inatosha kabisa. Iweke sentimita 40 hadi 50 mbele ya mpigaji, usawa wa kifua, ikielekea pale shingo ya gitaa inapoungana na mwili wake. Sauti ya mwimbaji ikilimeza gitaa, shusha maikrofoni sentimita 10 kabla hujagusa kitufe chochote. Chini ya mguu weka kipande cha plaiwudi, na mpigaji avae kiatu chenye soli ngumu. Mguu ndio ngoma ya bluzi ya mtu mmoja: mwanabluzi John Lee Hooker aliporekodi Detroit mwaka 1948, mguu wake nao ulitegewa maikrofoni. Stendi ya maikrofoni ikae juu ya nguo iliyokunjwa, la sivyo kishindo kitapanda kwenye chuma na kutoka kama mlipuko.

Sasa dbx, kizuia mvumo cha mashine hii. Kwa bluzi mimi naizima. Hufanya kazi kwa kuibana sauti wakati wa kurekodi na kuifungua wakati wa kusikiliza, na noti ya gitaa inapofifia utasikia mvumo ukipanda na kushuka nyuma yake. Vichwa vikiwa vichafu ni balaa zaidi, kwa sababu kila hitilafu ya kiwango huongezwa mara mbili. Iache imezimwa, kisha rekodi kwa nguvu: kipimo cha sauti kicheze kwenye 0 na kupanda hadi +3 kwenye sauti kubwa. Kanda inajaa, ncha za sauti zinalainika, na mvumo unabaki chini. Ila kanda uliyoirekodi na dbx lazima uisikilize na dbx.

Njia tatu zilizobaki ni kishawishi, na hapo ndipo wengi huharibu. Kuhamishia njia 1 hadi 3 kwenye ya 4, ili zile tatu zibaki huru kurekodiwa tena, kunawezekana, lakini kila uhamisho huongeza mvumo na kupunguza sauti za juu. Na kinachopotea zaidi ni ile hali ya watu kusikilizana. Kama kuna mpiga hamonika, mketishe kwenye chumba hicho hicho, mita moja na nusu kutoka kwenye maikrofoni. Ukilazimika kumwongeza baadaye, hakikisha kirekebisha mwendo kiko katikati, kwa sababu hamonika haiwezi kufuata kanda iliyosogea.

Kabla ya kununua iliyotumika, rekodi noti moja ndefu ya piano au filimbi uisikilize. Ikiyumba, belti imelegea au gurudumu la mpira linaloibana kanda limekauka. Vyote hubadilishwa, lakini lazimisha bei ishuke. Vichwa na mhimili wa chuma visafishe kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kila baada ya saa chache za kazi. Iliyotoka Marekani huja na adapta ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 au 240 inaungua.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja inaondoka kwa sababu ya vipuri, ambavyo kila mwaka vinazidi kuadimika. Hamishia nyimbo zako kwenye kompyuta kwa kutumia mashine ile ile iliyozirekodi: ukiweka kaseti hii kwenye redio ya kawaida, utasikia nusu ya mwendo, na ukiigeuza upande wa pili, njia 3 na 4 zitapigwa kinyumenyume.