IMAX kutoka Mombasa: nauli ya SGR inalipa kwa filamu gani?

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote watazamaji wangu, wa kisiwani, wa Nyali na wa ng'ambo ya Likoni. Leo nachambua skrini kubwa mno ya sinema ambayo hapa kwetu hatuna: IMAX. Filamu mpya Nyali zinafika, viti vizuri, AC haikosi. Lakini IMAX niliifuata Nairobi, jengo la 20th Century pale Mama Ngina Street. Sasa, kuna haja ya kupanda treni ya SGR karibu kilomita 480 kwa sababu ya filamu?

Nasema ipo, na nasema kwa moyo wote. Ila si kwa kila filamu, na hapo ndipo watu wanapotupa pesa.

Filamu nyingi kubwa hutengenezwa pana sana, upana mara 2.39 ya kimo. Skrini ya IMAX ya kidijitali ina kimo zaidi: upana wake ni mara 1.90 tu. Ukiweka filamu pana namna ile kwenye skrini hii, juu na chini vinabaki vipande vyeusi, na ukivijumlisha ni kama robo ya kimo cha picha yenyewe, yaani moja ya tano ya skrini nzima haina kitu. Umesafiri kutwa, unatazama weusi.

Lakini filamu iliyopigwa kwa kamera za IMAX, subhanallah! Niliyoitazama mimi ilianza na watu wanaongea chumbani, vipande vyeusi viko pale pale. Kufumba na kufumbua tukatolewa nje, jangwani, na ule weusi ukatoweka. Mchanga ukashuka hadi karibu na sakafu, mbingu ikapanda hadi darini. Nilijikuta nimeinua kichwa kutafuta mwisho wa picha. Hiyo ndiyo unayoifuata. Kwa hivyo kabla ya kukata tikiti, ulizia filamu imepigwa kwa kamera gani, na ni sehemu kiasi gani inayojaza skrini.

Na tusidanganyane: IMAX ya mkanda ni jambo jingine. Ule ni mkanda wa milimita 70, unapita kwenye projekta kwa ubavu, kila picha moja inachukua matundu 15 ya pembeni mwa mkanda. Nakala ya filamu ya Oppenheimer ya mwaka 2023 ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 17. Ukiinyoosha kutoka mjini unafika Mtwapa. Uzito wake, karibu kilo 270. Ilipotoka, kumbi kama 30 tu duniani ndizo zilizoweza kuionyesha hivyo, na Afrika haikuwa nao hata mmoja. Yetu ni ya kidijitali, nami bado naipenda.

Sauti nayo? Spika kubwa ziko nyuma ya skrini, na skrini yenyewe ina vitundu vidogo vidogo vya kupitishia sauti. Sogea karibu kabla taa hazijazimwa, utaviona. Ngurumo ikipiga unaisikia kifuani. Safu za mbele ziache, shingo itakuuma. Kaa katikati, nyuma kidogo.

Haya, nauli. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500, la kwanza 4,500. Chukua la kawaida, hela iliyobaki ikulipie kiti kizuri ukumbini. Unalipa kwa M-Pesa, na kitambulisho usisahau. Stesheni ya Miritini fika mapema, maana mizigo inapangwa chini kwa mstari, nyinyi mnasogea kando, mbwa anapita kuinusa. Mahamri yako yafunge vizuri.

Treni ya asubuhi inaondoka saa mbili, na saa nane mchana hivi uko Syokimau. Pale si mjini bado! Kuna treni ndogo ya kukuunganisha hadi stesheni ya kati, na kutoka hapo Mama Ngina Street unaenda kwa miguu. Ukitaka kurudi usiku uo huo kwa treni ya saa nne, tafuta onyesho la alasiri. Filamu yenye urefu wa saa tatu inayoanza magharibi itakufanya uondoke ukumbini kabla ya mwisho, au ikuachishe treni. Kama onyesho la alasiri limejaa, piga simu kwa jamaa wa Eastleigh au South C mapema, waambie unalala kwao.