Matibabu ya baridi kwenye mlango wa kizazi: nilivyotibiwa Malindi

Wanawake wanaojua kuwa nimegandishwa kwa baridi kwenye mlango wa kizazi, ili ngozi iliyoanza kubadilika isije ikawa saratani, hawaniulizi kwanza kama matibabu haya yanaponya. Wananiuliza kama bado nitazaa. Uvumi wa mtaani ni kwamba ukiingizwa ile baridi kizazi hufa, na nawajua walioandikiwa matibabu wakarudi nyumbani kimya wasionekane tena kliniki. Kwa hiyo naeleza yote, mazuri na yaliyoniudhi, maana mimi mwenyewe nilitafuta mtu wa kunisimulia nikamkosa.

Nilikuwa nimempeleka mtoto chanjo. Sista akaniuliza umri wangu, kisha kama nimewahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Wanawake wa miaka 25 hadi 49 ndio wanaohimizwa zaidi kupimwa. Kipimo chenyewe ni siki. Unalala kitandani, leso juu ya magoti, unafunguliwa kwa kile kifaa chao, unapakwa siki kwa pamba, mnangoja dakika moja, halafu anamulika taa. Penye kasoro huwa peupe.

Mimi palikuwa peupe. Nilianza kulia hata kabla hajamaliza. Akachukua karatasi, akachora duara na kitundu katikati, halafu akakoleza wino upande mmoja tu wa kile kitundu. "Mamangu, hii si saratani. Ni ngozi iliyoanza kubadilika, na tumeiwahi." Akanieleza kuwa chanzo chake ni virusi vya HPV, ambavyo watu wengi waliooa na kuolewa huvipata wakati fulani, na wengi mwili huvifukuza wenyewe. Vikikaa, hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo ndizo zinazosababisha karibu saratani 7 kati ya kila 10 za mlango wa kizazi, hubadilisha ngozi polepole. Kutoka hapo hadi saratani huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi. Hiyo miaka ndiyo nafasi ya kutibu.

Sasa linaloniudhi. Faida kubwa ya mpango huu ni kupimwa na kutibiwa siku hiyohiyo, bila kungoja maabara. Pale nilipopimwa mashine ilikuwepo, sista mwenye ujuzi alikuwepo, ila mtungi haukuwa na gesi inayoleta hiyo baridi. Nikaambiwa nirudi. Nikarudi, gesi bado. Mwanamke anayetoka mashambani, aliyelipa nauli na kumwachia jirani watoto, ukimwambia "rudi wiki ijayo" mara mbili umeshampoteza. Mimi naishi mjini, nauli yangu ni ya tuktuk tu, na bado nusura nikate tamaa. Mwishowe wifi yangu aliulizia hospitali nyingine hapahapa Malindi, akaniambia gesi ipo, nikaenda.

Matibabu yenyewe hayana kisu wala sindano, na hulazwi. Unalala vilevile kama ulipopimwa. Kuna mtungi wa gesi, mpira mrefu, na mkono kama wa bastola wenye kichwa cha chuma kidogo cha duara. Kile kichwa hubandikwa kwenye mlango wa kizazi, gesi inafunguliwa, unaisikia inavyovuma. Dakika tatu za kugandisha, dakika tano za kuacha payeyuke, halafu dakika tatu tena za kugandisha. Sista aliweka saa yake juu ya trei, na mimi niliikodolea macho muda wote.

Maumivu? Tumbo lilinikaza kama siku ya kwanza ya hedhi, ile kali. Uso ukawaka joto, jambo lililonishangaza nikiwa naingizwa baridi. Nilipoketi nikahisi kizunguzungu, akaniambia nilale tena kidogo, na ndivyo inavyotakiwa, usiinuke kwa pupa. Ganzi haihitajiki, kwa sababu sehemu ile haihisi maumivu kama ngozi ya nje. Baada ya kupumzika nilitoka kwa miguu yangu.

Kile kichwa cha chuma hufika karibu nyuzi 70 hadi 90 chini ya sifuri, kutegemea gesi. Maji yaliyo ndani ya chembe za mwili huganda yakazipasua, na mishipa midogo ya damu huziba. Kuyeyusha polepole kisha kugandisha tena huua zaidi kuliko kugandisha mara moja, ndiyo maana ya zile dakika tano. Dawa hii ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Katikati ya karne ya 19 daktari wa Uingereza, James Arnott, aliweka barafu iliyochanganywa na chumvi juu ya uvimbe wa saratani za matiti na za mlango wa kizazi ili kupunguza maumivu. Wauza samaki wetu wanajua barafu ikitiwa chumvi inavyozidi kuwa baridi. Leo baridi hutumika kutoa chunjua, kutibu madoa ya jua kwenye ngozi za wenzetu wenye ualbino, kushikiza retina, yaani utando wa nyuma ndani ya jicho, na hata kwenye saratani ya tezi dume.

Shida kubwa kwangu ilikuja baadaye, nayo ni maji. Ile ngozi iliyokufa hutoka kwa njia ya majimaji, mengi, kwa wiki nne hadi sita. Niliambiwa "utatokwa na uchafu kidogo". Si kidogo! Nilikuwa nabadilisha pedi mchana kutwa, na siku nyingine yalikuwa na harufu na rangi ya damu iliyopauka. Harufu kidogo ni kawaida. Homa, maumivu makali chini ya tumbo, usaha, au damu nyingi zenye mabonge si kawaida, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Na sala je? Hilo hakuna sista aliyeniambia, ikabidi nimuulize ustadha wa darsa letu la wanawake. Akanijibu kuwa maji yale si hedhi, kwa hiyo sala haiachwi: wakati ukiingia unajisafisha, unaweka pedi, unatia udhu, unasali faradhi yako, na kila faradhi na udhu wake. Nilipumua. Kuna wanaoacha sala mwezi mzima kwa kutojua, na wengine huogopa matibabu kwa sababu hiyo hiyo.

Wiki nne hakuna tendo la ndoa, kwa kuwa pale pana kidonda na maambukizi hupita kwa urahisi, hata ya Ukimwi. Ikishindikana kabisa, kondomu. Mume wangu nilikwenda naye siku ya matibabu, sista akamweleza mwenyewe, na jambo hilo halikuleta neno nyumbani. Ningemwambia peke yangu sijui.

Baada ya mwaka nilirudi nikapakwa siki tena. Safi, alhamdulillahi. Kwa wanaofaa matibabu haya, kama 85 hadi 90 kati ya 100 hupona, hivyo wapo wachache ambao weupe hurudi, na kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi hurudi zaidi. Ukiacha kile kipimo cha mwaka hutajua uko kundi gani. Na kuhusu kuzaa: baridi haifiki ndani ya mji wa mimba, inagusa mlango tu. Mara chache sana mlango hubana. Mimi nilishika mimba baada ya kipimo kile cha pili, na mtoto ananyonya sasa hivi.

Si kila mtu anafaa. Ukiwa mjamzito unangoja ujifungue. Weupe ukizidi robo tatu ya mlango, ukiingia ndani ya kitundu, au wakishuku kuwa ni saratani tayari, unapelekwa kwa daktari wa matibabu mengine. Kasoro moja ninayoikubali ni kwamba hakibaki kipande cha nyama cha kupelekwa maabara, kwa hiyo jicho la anayekupima ndilo kila kitu.

Siku hizi vituo vingine vina mashine ya joto badala ya baridi. Haihitaji gesi na huisha kwa dakika moja au mbili, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019. Ukipewa hiyo usikatae. Ukiandikiwa ya baridi, kabla hujapanda gari piga simu uulize kama mtungi una gesi, beba pedi nene na leso ya ziada, na mwombe mumeo aje nawe asikie mwenyewe.