Hashishi za Amsterdam: ya mkono, ya chekeche na ya barafu

Wabongo wengi ninaowaona wakiingia kofishopu (maduka yanayoruhusiwa kuuza bangi) za Amsterdam huagiza bangi ya majani wakamaliza. Mimi ni mtu wa hashishi, yaani utomvu wa bangi uliokusanywa na kushindiliwa. Baada ya kupitia maduka kadhaa ya mji huu, jina la nchi kwenye orodha ya bei halinibabaishi tena. Nauliza kwanza utomvu umetolewaje.

Ya mkono ndiyo charasi ya India na Nepali. Wavunaji husugua maua ya mmea ukiwa bado mbichi shambani, utomvu unang'ang'ania viganjani, unakwanguliwa na kufinyangwa. Ni nyeusi, laini, na ina harufu ya viungo. Kwa ladha sijaona mshindani wake. Ila hubeba uchafu wa jani (na jasho la mtu, tusidanganyane), halafu ile ya kweli ni adimu: Nepali ilifuta leseni za maduka yake mwaka 1973, na India ikapiga marufuku charasi mwaka 1985. Ukiuziwa "Nepali" kwa bei ya chee, shtuka.

Ya chekeche ni ya Moroko, milima ya Rif. Mimea iliyokaushwa hupigwa juu ya kitambaa chembamba kilichowambwa mdomoni mwa beseni kama ngoma, unga wa utomvu unapenya chini, kisha unashindiliwa. Mpigo wa kwanza ndio wenye heshima. Wakiendelea kupiga, vumbi la majani nalo linapita, na unga unaanza kuwa wa kijani. Bonge zuri hulegea ukilishika kidogo tu vidoleni; lile la mwisho mwisho humeguka kavu na kukereketa koo. Kwa bei yake, hii ndiyo ninayoinunua mara nyingi.

Ya barafu ni habari nyingine. Mmea hukorogwa kwenye maji ya barafu; baridi huvifanya vichwa vya utomvu, vile vitone vidogo vilivyo juu ya maua, vikakamae na kukatika, vikazama kwa kuwa ni vizito kuliko maji, huku majani yakielea. Anayetajwa sana hapa ni Mila Jansen, mama wa Amsterdam aliyebuni mashine ya kuchekecha, Pollinator, mwaka 1994, wazo likitoka kwenye mashine ya kukaushia nguo. Mifuko ya kuchujia kwa maji ya barafu ikafuata. Ni safi mno, ghali mno, na kali. Mgeni asianzie hapa, na hata mzoefu chembe inamtosha.

Wapo wanaokamua kwa gesi ya butani majumbani. Hiyo sitaki hata kuisikia: gesi hutanda sakafuni, cheche moja inalipua chumba.

Huduma inatofautiana. Duka moja, silitaji, muuzaji alinijibu "ni nzuri tu" kwa kila swali. Kwingine walinifungulia makopo ninuse na kunieleza ipi ni ya mpigo wa kwanza. Huko ndiko ninakorudi. Beba kitambulisho, chini ya miaka 18 huingii, na hawakuuzii zaidi ya gramu 5 kwa siku. Tumbaku imekatazwa ndani tangu 2008, kwa hiyo waliozoea kuchanganya wajipange. Kinachobaki usisafiri nacho: sheria za nyumbani unazijua.